Mstari Usioandikwa na Mtu: Juu ya Kufundisha Jedwali la Njia

Madhumuni ya makala haya si kuwafundisha wasomaji namna ya kuunganisha kompyuta, kwani kazi hiyo ina vitabu vyake. Nataka kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe darasani, pale nilipompima mwanachuo juu ya jambo ambalo mimi mkufunzi wake nilikuwa sijalielewa, na jinsi kosa hilo lilivyonilazimisha kubadili mfuatano mzima wa somo. Wakufunzi wenzangu wa somo la kompyuta huenda wakaona mambo wanayoyajua tayari. Hata hivyo naomba wavumilie, maana neno langu hasa ni juu ya ufundishaji.

Chuo chetu kiko mkoani Singida, mahali ambapo upepo wa kiangazi huingiza vumbi hata katika chumba kilichofungwa. Chumba cha kompyuta zamani kilikuwa ghala la ramani na vielelezo. Ndani yake mna kompyuta ishirini na mbili, nyingi zikiwa kuukuu, ambazo tumezitilia mfumo wa Linux kwa sababu haununuliwi. Zote zimeunganishwa kwa waya na swichi moja. Ng'ambo ya uwanja wa mpira liko jengo la utawala, nalo lina mtandao wake, na humo imo kompyuta kuu inayotunza maandalio ya masomo na alama za wanachuo. Kati ya mitandao hii miwili ipo ruta, yaani chombo kinachopokea mizigo ya habari upande mmoja na kuipitisha upande wa pili, na ruta hiyo hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye intaneti. Anwani za chumba chetu huanzia na 10.1.1, za jengo la utawala huanzia na 10.1.2, na ruta kwa upande wetu hujulikana kwa anwani 10.1.1.1.

Kila kompyuta iliyo katika mtandao, hata ikiwa dhaifu namna gani, huwa na jedwali la njia. Msafiri anayefika katika stendi ya mabasi ya Singida akitaka kwenda Mwanza huelekezwa njia ya Iramba na Nzega. Anayekwenda Arusha huelekezwa Katesh na Babati. Anayekwenda Dodoma hupitia Manyoni. Jedwali la njia linafanya kazi kama hiyo. Kila mstari wake hutaja kundi la anwani, mlango wa kutokea, na ruta ya kupitia ikiwa ipo. Iwapo mistari miwili inaifaa anwani moja, hufuatwa ule unaotaja kundi dogo zaidi. Mwisho huwapo mstari mmoja wa jumla kwa kila anwani isiyotajwa mahali pengine, nao huelekeza kwenye ruta.

Katika maandishi yangu ya somo, ambayo niliyanakili nilipokuwa mwanachuo na ambayo mkufunzi wangu naye aliyanakili kutoka mahali fulani, kazi ya kuiweka kompyuta mtandaoni ilikuwa na hatua tatu. Kwanza, ipe kadi ya mtandao anwani yake. Pili, andika katika jedwali mstari wa mtandao wa jirani. Tatu, andika mstari wa jumla unaoelekeza kwenye ruta. Nilizisomesha hatua hizo kwa kuziandika ubaoni, wanachuo wakazinakili, tukazirudia mara mbili tatu, na baada ya wiki mbili nikatoa jaribio la vitendo.

Siku ya jaribio kila mwanachuo alikaa mbele ya kompyuta yake. Alitakiwa aiunganishe, kisha athibitishe kwa amri ya "ping" kwamba anaifikia kompyuta ya jirani, kompyuta kuu ya utawala, na anwani moja ya mbali katika intaneti. Nilipita nikisahihisha. Katika majedwali ya wengi mstari niliotegemea ulikuwapo, nami nikaweka alama ya vema bila kujiuliza kama umeandikwa na mwanachuo au na mashine.

Nikafika kwa mwanachuo mmoja, mwenyeji wa Mkalama, mtu mzima kidogo kuliko wenzake na mpole wa maneno. Kompyuta yake iliifikia ya jirani bila taabu. Iliifikia intaneti bila taabu vilevile. Lakini kompyuta kuu ya utawala, ambayo madirisha yake tunayaona kutoka chumbani, haikufikika kabisa. Jibu lililokuwa likija ni kwamba mwenye anwani hiyo hapatikani, na jibu lenyewe lilitoka kwa kompyuta yake mwenyewe, si kwa ruta. Ya karibu sawa, ya mbali sawa, ya katikati imepotea. Nikafungua jedwali lake, nikakuta mistari mitatu badala ya miwili niliyoitarajia. Wa 10.1.1.0 ulikuwapo, na ule wa jumla ulikuwapo. Wa tatu ulisema kwamba anwani zote zinazoanzia na 10 ni za jirani, zipelekwe moja kwa moja bila ruta.

"Nani aliyekuambia uandike mstari huu?" nikamwuliza.

"Mkufunzi, mstari huu sikuuandika mimi."

"Basi umeandikwa na mkono wa nani?"

"Sijui, Mkufunzi. Nimeukuta tu."

Darasa likacheka. Nami, kwa kuona kwamba nachezewa, nikampa sifuri katika swali hilo, na nikasema mbele ya wenzake kwamba mwalimu mwongo ni hasara kubwa kuliko mwalimu mjinga. Alama hizo si za mchezo, kwani huingia katika maendeleo ya mwanachuo, na siku ya kuzipeleka ofisini ilikuwa imebaki moja tu.

Jioni alikuja nyumbani kwangu. "Shikamoo, Mkufunzi." Nikaitikia marahaba bila kumkaribisha kiti. Hakuja kuomba alama. Alichoomba ni kwamba nikae pembeni yake nimtazame akiandika amri zake upya, mwanzo hadi mwisho, ili nione mwenyewe. Nikamjibu kwamba jaribio limekwisha. Akashukuru, akaondoka.

Mtu anayedanganya haombi atazamwe mikono, na wazo hilo halikuniacha nile chakula kwa utulivu. Nilichukua ufunguo nikarudi chuoni. Nikawasha kompyuta ile ile aliyoitumia, nikahakikisha kwamba jedwali ni tupu, halafu nikaandika amri ya kwanza peke yake kama alivyoiandika yeye: jina la kadi na anwani 10.1.1.15, basi. Sikugusa jedwali. Nilipolifungua, mstari ulikuwa umekwisha andikwa. Niliutazama kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni na mlango bado umefungwa kwa ndani.

Nilikaa hadi usiku wa manane nikisoma na kujaribu, na hapa naeleza niliyoyapata. Anwani ya aina hii ina biti 32. Pamoja nayo huenda namba nyingine iitwayo maski, ambayo hueleza ni biti ngapi za mwanzo zinazoutaja mtandao, na zinazosalia huitaja kompyuta iliyomo ndani yake. Maski ya 255.255.255.0 hutenga biti 24 kwa mtandao, na maski ya 255.0.0.0 hutenga biti 8 tu. Sasa fikiri: mtu akikwisha kuiambia kompyuta anwani yake na maski yake, amekwisha kuiambia majirani zake ni akina nani. Hakuna habari mpya anayoweza kuiongeza kwa kuandika mstari wa jirani kwa mkono. Kwa hiyo kiini cha mfumo huuandika chenyewe, papo hapo, mara kadi inapopewa anwani na kuwashwa. Zamani hakikufanya hivyo. Katika Linux, tabia hii ilianza na toleo la 2.2 lililotolewa Januari 1999. Kabla ya hapo mtu alilazimika kuuandika mstari ule mwenyewe, na vitabu vya wakati huo viliagiza hivyo kwa haki. Hatua ya pili katika maandishi yangu ilikuwa mabaki ya vitabu hivyo. Nilikuwa nawasomesha wanachuo wangu kazi ambayo mashine ilikwisha kuichukua zaidi ya miaka ishirini nyuma.

Na kwa nini mstari ulitaja anwani zote za 10? Kwa sababu mwanachuo wangu alisahau maski. Kanuni za mwaka 1981 ziligawa anwani katika madaraja. Anwani ambayo namba yake ya kwanza iko chini ya 128 ilihesabiwa kuwa ya daraja la kwanza, yenye biti 8 za mtandao. Utaratibu wa madaraja uliachwa mwaka 1993, ila amri kongwe ya "ifconfig", ambayo ndiyo niliyowafundisha, isipotajiwa maski huurudia mgawo ule ule. Hivyo basi, kompyuta iliyokuwa katika chumba chenye kompyuta ishirini na mbili iliamini kwamba ina anwani 16,777,216 za ujirani. Ilipotaka kuifikia kompyuta kuu, yenye anwani 10.1.2.5, mstari aliouandika mwanachuo haukuihusu, bali ule wa kiini uliihusu. Basi ikaihesabu kuwa jirani, ikapiga ukelele katika waya: ni nani mwenye anwani hii? Ukelele wa namna hiyo hauvuki ruta. Hakuna aliyeitika. Anwani za intaneti, kwa kuwa hazianzii na 10, ziliangukia mstari wa jumla, zikapita kwenye ruta salama. (Ziko ruta zenye desturi ya kuitika kwa niaba ya kompyuta za upande wa pili. Yetu ingekuwa ya namna hiyo, kosa lingefichika, nami leo ningekuwa bado nazisomesha hatua zangu tatu.)

Liko jambo moja lililoniumiza zaidi. Katika Linux iko amri mpya zaidi iitwayo "ip", na ukiitumia kulitazama jedwali, kila mstari unaoandikwa hivyo hubeba neno "kernel", ndiyo kusema kiini cha mfumo. Jedwali lenyewe linamtaja mwandishi! Amri ya zamani niliyoizoea hailionyeshi neno hilo. Ushahidi wa kwamba mwanachuo yule anasema kweli ulikuwa umo ndani ya kompyuta iliyokuwa mbele yetu sote wawili, isipokuwa mimi sikujua kuusoma.

Asubuhi, kabla ya kupeleka alama ofisini, nilisimama mbele ya darasa lile lile nikamwomba radhi kwa maneno niliyoyasema, na nikaeleza kwamba sifuri ile imefutwa. Sikumpa alama zote, kwa vile maski aliisahau kweli, na yeye mwenyewe alikubali. Akasimama akasema, "Yamekwisha, Mkufunzi. Lakini sasa tunaomba tuelezwe huyo anayeandika ni nani, na anaandika lini." Mimi nilikuwa nimeandaa msamaha, sikuwa nimeandaa somo. Tukapatana kwamba wiki inayofuata tutaanza upya.

Nilianzia nje ya chumba cha kompyuta, uwanjani, nikiwa na kadi za manila, chaki na kamba. Wengi wetu tumekulia katika nyumba kumi na tunamjua balozi wetu. Nikawauliza: mtu anapohamia katika nyumba, je, anahitaji kuandikiwa barua ya kujulishwa kwamba nyumba zinazomzunguka ni za majirani zake? Wakajibu kwamba hapana, kwa kupata nyumba amekwisha kupata na majirani. Kila mwanachuo akapewa kadi yenye anwani na maski, akatakiwa aandike katika daftari, bila kompyuta, mstari ambao kiini kitauandika. Kisha nikaita anwani moja moja, na kila mmoja akaamua: atamwendea mwenyewe kwa miguu, au atakwenda stendi? Mmoja nilimpa kadi yenye maski ya 255.0.0.0 kwa makusudi. Alisimama akamwita kwa sauti mwenzake niliyemweka ng'ambo ya uwanja, akaita tena, na upepo ukazichukua kelele zake. Wenzake wakamwambia, "Wewe! Unamwita mtu wa Manyoni ukiwa mlangoni kwako Singida!" Hapo nikajua kwamba dhana imeingia.

Nisiisifu zana hii kupita kiasi. Nyumba kumi zina idadi maalumu, lakini ujirani wa kompyuta hupanuka na kupungua kwa kadiri ya maski. Aidha, mtu hawezi kuubadili ujirani wake kwa kuandika namba nyingine. Mwanachuo mmoja aliuliza balozi ni nani katika mtandao, nikakosa jibu, kwa kuwa hakuna. Mfano ukifika hapo uachwe, ushikwe ubao na hesabu za namba mbilimbili. Hesabu hizo ndizo zinazowasumbua wanachuo hadi leo, hasa maski isiyoishia kwenye nukta, na kwa hilo sijapata njia ya mkato.

Tuliporudi chumbani, kanuni ikawa moja: hakuna anayebonyeza kitufe cha kuingiza amri kabla hajaandika katika daftari atakachokiona jedwalini. Kabla ya amri, tabiri. Baada ya amri, linganisha. Tofauti ikitokea, tafuta sababu kabla ya kufuta. Kwa njia hiyo wanachuo walivumbua mambo ambayo sikuwa nimeyatia katika andalio. Mmoja aliisahau maski tena, safari hii akitumia amri mpya ya "ip". Wote tulitabiri mstari wa 10.0.0.0. Hapakuwa na mstari wowote! Amri mpya, isipotajiwa maski, huichukulia anwani kuwa peke yake, biti zote 32 zikiwa za mtandao, na mtu aliye peke yake hana jirani wa kuandikiwa. Tena alipojaribu kuandika mstari wa jumla alikataliwa, kwa sababu kompyuta haikujua hata namna ya kumfikia ruta aliyetajwa. Usahaulifu ulikuwa ule ule, na matokeo mawili ya kinyume. Majadiliano ya siku ile yaliendelea hadi kengele ya chakula, na sikuyakatisha.

Jaribio jingine ninalopenda kulipendekeza ni hili. Mwache mwanachuo aunganishe kompyuta vizuri, kisha aizime kadi ya mtandao kwa amri, na kuiwasha tena. Mstari wa kiini hutoweka na kurudi. Mstari wa jumla, ulioandikwa kwa mkono, hutoweka pamoja nao, ila haurudi. Hapo darasa zima huona kwa macho tofauti kati ya kilichotokana na anwani na kilichotokana na mtu. Angalia kwamba ni lazima kadi izimwe kwa amri. Kuchomoa waya peke yake hakuufuti mstari katika Linux, na kama katika kompyuta yako ipo programu inayosimamia mtandao yenyewe, izuie kwanza, la sivyo itakurudishia mistari yote na jaribio litaharibika.

Katika maandishi yangu mapya hatua ya pili nimeifuta. Mahali pake nimeandika: soma jedwali, na ueleze kila mstari umeandikwa na nani. Mwanachuo wa Mkalama ndiye aliyeninakilia karatasi hizo ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, wakati mimi nilipokuwa kwenye ukaguzi wa mafunzo ya ualimu kwa vitendo.

Limebaki swali ambalo bado sijalitafutia zana. Zipo kompyuta zenye kadi mbili, ya waya na ya mawimbi ya hewani, nazo zote mbili zikipewa anwani za mtandao mmoja, kiini huandika mistari miwili ya kundi lile lile, na mizigo hufuata mmoja tu kati yake. Ukichomoa waya, kompyuta yaweza kuendelea kuutumia mlango usiokuwa na kitu nje. Nyumba kumi hazinisaidii hapa, maana sijapata kumwona mtu mwenye nyumba mbili katika balozi mmoja ambaye hasahau kutokea mlango wa pili. Mkufunzi mwenye zana nzuri ya somo hilo namwomba aiandike katika toleo lijalo. Nitaifundisha katika muhula wa pili.